Mnyoo Kaishi Mara Mbili, Wewe Je? Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Jeni na Uzee

Safu iliyopita nilieleza kazi ya Cynthia Kenyon, mwanabiolojia wa Marekani. Mwaka 1993, akiwa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, yeye na wenzake walitangaza kwamba kulegeza jeni moja tu ya mnyoo mdogo wa udongoni kulimfanya mnyoo huyo aishi zaidi ya mara mbili ya wenzake. Niliandika kwa maneno mepesi nikadhani nimeeleweka. Barua zilizoingia zinaonyesha kuwa wengi wenu mlisoma kichwa cha habari mkaishia hapo. Nimechagua maswali machache. Yale yaliyojirudia nayajibu leo kwa mara ya mwisho.

Swali: Shikamoo mwalimu. Miaka yote tumeambiwa uzee ni kuchakaa, kama kiatu. Sasa jeni moja inawezaje kumwongezea kiumbe maisha maradufu? Kiatu hakina jeni ya kuchakaa.

Jibu: Marahaba. Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, kwa hiyo kaa kitako.

Mnyoo mwenyewe anaitwa Caenorhabditis elegans. Urefu wake ni milimita moja, mwili wake unapitisha mwanga kama kioo, na aliyekomaa, ambaye kwa kawaida ni huntha, ana seli 959 za mwili bila kuzidi wala kupungua, 302 kati yake zikiwa za neva. Katika nyuzijoto 20 anakua kwa siku chache, anazaa, anaanza kujikokota, misuli inalegea, na baada ya wiki tatu hivi amekwisha. Mtafiti anaweza kutazama utoto, ujana na uzee wa maelfu yao kabla mwezi haujaandama tena. Sydney Brenner ndiye aliyemweka mezani kwa wanajenetiki kwa makala yake ya 1974, na mwaka 2002 yeye, John Sulston na Robert Horvitz walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi zilizotoka kwa mnyoo huyu huyu mnayemdharau.

Sasa, mnyoo mchanga akikuta chakula kimeadimika na wenzake wamejazana, haendelei kukua. Anachepuka. Anafunga mdomo, anajivika ngozi ngumu, anatulia. Anaweza kukaa hivyo kwa miezi, na neema ikirudi anaendelea na maisha kana kwamba ule muda haukuhesabiwa. Jeni inayoitwa daf-2 ilikuwa tayari inajulikana kuwa mojawapo ya zile zinazoamua kama mnyoo achepuke au aendelee. Ujanja wa kundi la Kenyon ulikuwa huu: walichukua minyoo wenye daf-2 iliyo na hitilafu inayojitokeza kwenye joto, wakawalea kwenye ubaridi mpaka wakapita hatua ya kuchepuka, ndipo wakawapandishia joto. Wakapata minyoo wakubwa, wanaokula, wanaotembea, wanaozaa, na ambao hawakufa wakati wenzao walipokufa.

Sikiliza sehemu ambayo vichwa vya habari huiruka. Ukiiondoa na jeni nyingine, daf-16, ile nyongeza yote ya maisha inatoweka. Hapo ndipo hoja ya kiatu inapovunjika. Kama mnyoo angekuwa anaishi zaidi kwa sababu tu anachakaa polepole, kuondoa jeni nyingine kusingerudisha uzee kwa kasi yake ya zamani. Maana yake kuna kazi inafanyika, na daf-16 ndiyo inayoisimamia. Kufikia 1997, maabara ya Gary Ruvkun ilikuwa imeonyesha kwamba daf-2 inatengeneza kipokezi kinachofanana na vipokezi vyetu vya insulini na vya homoni inayochochea ukuaji iitwayo IGF-1, na mwaka huo huo ikajulikana kwamba daf-16 ni swichi ya jeni, jamaa ya zile tunazoziita FOXO kwa binadamu.

Mimi humwona daf-2 kama mnyapara. Kazi yake ni kupiga kelele: chakula kipo, kua, zaa, haraka! Sauti yake ikishuka, daf-16 anaingia ndani ya kiini cha seli na kuamsha jeni nyingi: za kunyoosha protini zilizopindika, za kuzima sumu, za kupambana na bakteria. Kiatu kinachakaa kwa sababu hakina fundi ndani yake. Mwili una fundi, na ugomvi wa miaka thelathini na zaidi sasa ni nani anayempangia saa za kazi.

Nyongeza mbili ambazo hukuziuliza. Kwanza, daf-2 ililegezwa, haikung'olewa. Ukiing'oa kabisa, mnyoo hafiki ukubwani. Pili, Kenyon hakuwa wa kwanza kupata mnyoo wa umri mrefu. Michael Klass alitangaza minyoo wa aina hiyo mwaka 1983, na mwaka 1988 David Friedman na Thomas Johnson wakaonyesha kuwa siri ilikuwa jeni waliyoiita age-1, ambayo baadaye ilikutwa kwenye njia ile ile ya daf-2. Nasema hivi kwa sababu mna tabia ya kumpa mtu mmoja kazi ya watu ishirini.

Swali: Hiyo dawa ya Kenyon inauzwa wapi na ni bei gani?

Jibu: Hakuna dawa. Kuna mnyoo. Anayekuuzia chupa, anauza chupa.

Swali: Je, na mimi ninayo hiyo jeni? Nikapime vinasaba nijue nitaishi miaka mingapi?

Jibu: Unazo jamaa zake, kama alivyo nazo kila mtu aliyewahi kuzaliwa. Kuhusu kupima, hifadhi pesa zako.

Watoto wachache huzaliwa na kipokezi cha insulini kilichoharibika vibaya. Kwa mantiki ya wale wanaoniandikia kwamba wangependa "kuzima jeni ya insulini", watoto hao wangekuwa wazee wa kupindukia. Wengi wao hawamalizi miaka miwili. Mnyapara akinyamaza kabisa, mwili wa binadamu hauendi popote.

Mfano unaofundisha zaidi uko kusini mwa Ecuador. Huko wapo watu ambao kipokezi chao cha homoni ya ukuaji hakifanyi kazi, hali inayoitwa sindromu ya Laron. Ni wafupi sana, na IGF-1 yao iko chini mno. Daktari Jaime Guevara-Aguirre amekuwa akiwafuatilia kwa miaka mingi, na mwaka 2011 yeye na Valter Longo walichapisha hesabu zao. Katika miaka 22 hakuna hata mmoja aliyepata kisukari, na saratani alipata mmoja tu, nayo haikumuua. Miongoni mwa ndugu zao wenye urefu wa kawaida, asilimia 5 walikuwa na kisukari na asilimia 17 walipata saratani. Ungetarajia basi wawe wanafikisha miaka 110. Hawafikishi. Walikuwa wakifa kwa ajali, kwa pombe, kwa degedege. Panya wa maabara mwenye hitilafu hiyo hiyo anaishi ndani ya sanduku safi, hapandi pikipiki, hanywi. Mmoja wao, katika maabara ya Andrzej Bartke, aliishi siku 1,819, wiki moja tu kabla ya kutimiza miaka mitano, wakati panya wa kawaida akifika miaka mitatu ni mkongwe.

Ama kuhusu kipimo, ni kweli kwamba mwaka 2008 jeni FOXO3, jamaa ya daf-16, ilihusishwa na kuishi sana miongoni mwa wanaume wa Hawaii wenye asili ya Japani, na makundi mengine ya watu yakaonyesha hivyo hivyo. Lakini hiyo ni tofauti ndogo ya uwezekano kati ya maelfu ya watu. Haikuambii lolote kuhusu wewe Jumanne ijayo. Utafiti wa mapacha wa Denmark uliochapishwa 1996 uliweka mchango wa urithi katika urefu wa maisha karibu robo. Mwaka 2018 uchambuzi wa miti ya koo za mamilioni ya watu ukaushusha chini ya asilimia 10, baada ya kugundua kwamba watu huoana na wanaofanana nao kwa hali ya maisha, kwa hiyo mashemeji nao hufanana umri wa kufa bila kuchangia damu. Wanasayansi bado wanavutana juu ya hesabu hiyo. Anayekuuzia kipimo hana mvutano wowote, yeye ana risiti.

Swali: Mwalimu, nasoma kila mahali kwamba divai nyekundu huamsha jeni za maisha marefu. Mimi kileo situmii. Je, vidonge vyake vinafaa?

Jibu: Mmeniuliza hili mara ngapi? Leo nitalimaliza, na atakayeuliza tena nitamrudishia safu hii.

Hadithi inaanzia kwenye hamira. Mwaka 1999, maabara ya Leonard Guarente katika taasisi ya MIT ilionyesha kwamba hamira ikiongezewa nakala ya jeni SIR2, seli mama hugawanyika mara nyingi zaidi kabla ya kufa. Kazi nzuri, na hamira ilikuwa hamira. Mwaka 2001 ikaja habari kuwa jeni ya jamii hiyo inarefusha maisha ya mnyoo kwa hadi nusu. Baadaye ikaja pia ya nzi wa matunda. Mwaka 2003, David Sinclair na wenzake wakasema kwamba resveratroli, kemikali iliyomo kwenye ganda la zabibu, inaichochea protini inayotengenezwa na jeni hiyo na kurefusha maisha ya hamira. Mwaka 2006 ikaja ya panya, na hapo dunia ikapandwa na wazimu.

Sasa uliza swali ambalo ningependa mlishike kuliko mengine yote ninayowaandikia: ikilinganishwa na nani?

Panya wa 2006 waliopewa resveratroli waliishi kuliko panya gani? Kuliko panya walionenepeshwa kwa chakula chenye mafuta mengi mno, ambao ini lao lilikuwa limeshavimba. Dawa iliwapunguzia balaa walilotengenezewa. Watafiti walipojaribu kwa panya wanaokula chakula cha kawaida, matokeo yaliyochapishwa 2008, maisha hayakurefuka. Mwaka huo huo kampuni kubwa ya dawa GSK ilinunua Sirtris, kampuni changa iliyojengwa juu ya wazo hili, kwa takriban dola milioni 720. Miaka mitano baadaye ofisi zake zikafungwa.

Na yule mnyoo wa 2001 je? Mwaka 2011 kundi la London lililoongozwa na David Gems na Linda Partridge, likishirikiana na wengine, liliwachukua wale wale minyoo na kuwazalisha na minyoo wa kawaida, kizazi baada ya kizazi, ili kusafisha nasaba yao. Urefu wa maisha ukapotea, ilhali ile jeni ya ziada bado walikuwa nayo. Kumbe minyoo wale walibeba hitilafu nyingine iliyojificha, ya neva za hisi, na hiyo ndiyo iliyowarefushia maisha. Kwa nzi nako, walipolinganishwa na nzi wa nasaba moja nao, tofauti ilifutika. Maabara ya Guarente ilirudia vipimo vyake na kukiri kwamba nyongeza kwa mnyoo ni ndogo kuliko ilivyotangazwa mwanzo.

Hakuna aliyedanganya hapa. Ni kwamba ukimlinganisha mtoto wa Juma na mtoto wa jirani, huwezi kujua kama tofauti imeletwa na uji au na ukoo. Lazima ulinganishe ndugu kwa ndugu. Katika jenetiki ya uzee hili ni suala la uhai na kifo, kwa sababu kila nasaba ya maabara ina umri wake. Na kuna hila nyingine ya bei rahisi: kundi la kulinganishia likiwa dhaifu, dawa yoyote itang'ara. Panya weusi wa maabara wanaotunzwa vizuri huishi takriban siku 900. Ukisoma kwamba dawa fulani imerefusha maisha ya panya kwa asilimia 20, kisha ukakuta wale wasiopewa dawa walikufa na siku 700, hiyo dawa haijafanya kitu ambacho banda safi lisingefanya. Angalia namba hiyo kwanza. Mara nyingi iko kwenye mchoro, haiko kwenye muhtasari, na wala mwenye duka haijui.

Vidonge? Wamarekani wana mpango wa taifa wa kupima dawa za uzee kwa panya, unaoendeshwa sehemu tatu kwa pamoja, Maine, Michigan na Texas, kwa panya wenye mchanganyiko wa nasaba ili matokeo yasiwe ya ukoo mmoja. Waliipima resveratroli. Haikurefusha kitu.

Swali: Je, hakuna dawa hata moja iliyofaulu kwenye huo mpango?

Jibu: Zipo chache. Mashuhuri ni rapamaisini, kemikali ya bakteria waliopatikana kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, ndiyo asili ya jina lake. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba panya walioanza kupewa wakiwa na siku 600, yaani wazee tayari, waliishi zaidi: kwa kipimo cha umri ambao asilimia 90 wameshakufa, majike waliongeza asilimia 14 na madume asilimia 9. Maabara zote tatu zilipata jibu moja, na ndiyo maana naliamini. Lakini kabla hujakimbilia famasi: hii ni dawa wanayopewa waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae. Inashusha kinga, inaleta vidonda mdomoni, inaweza kupandisha mafuta na sukari kwenye damu. Panya yule hakukutana na kifua kikuu kwenye daladala.

Na mtazame ajabu nyingine: akabosi, dawa ya kisukari, iliwarefushia madume maisha ya wastani kwa asilimia 22 na majike kwa asilimia 5 tu. Dawa moja, chakula kimoja, majibu mawili. Mtu akikuambia kitu "kinarefusha maisha" bila kusema ya nani, mwambie arudi akasome.

Swali: Baba yangu ana kisukari na anatumia metfomini. Nimesikia inarefusha maisha hata kwa mtu mzima wa afya. Nimekuwa nikichukua kimoja kimoja kwenye pakiti yake. Nakosea?

Jibu: Unakosea mara mbili, mwanangu, na la kwanza ni kumpunguzia baba yako dawa. Rudisha.

La pili ni la kisayansi. Minyoo waliopewa metfomini kweli waliishi zaidi. Lakini mnyoo wa maabara hulishwa bakteria, na mwaka 2013 Filipe Cabreiro na wenzake walionyesha kwamba dawa ilikuwa ikibadilisha bakteria, si mnyoo moja kwa moja. Bakteria wakiwa hawaathiriki na dawa, mnyoo hafaidiki, na anaweza hata kuishi pungufu. Kwa maneno mengine, waliompa dawa mgonjwa walikuwa wamempa dawa mpishi. Kwenye ule mpango wa panya wa maabara tatu, metfomini peke yake haikutoa nyongeza ya kuaminika. Kwa baba yako ni dawa nzuri, ya zamani, inayojulikana. Kwako ni wizi mdogo.

Swali: Kwa nini wanasayansi wasichunguze watu badala ya kupoteza muda na minyoo?

Jibu: Kwa sababu mtafiti angezikwa kabla jedwali lake la kwanza halijajaa.

Swali: Nimeambiwa kufunga na kula kidogo ndiyo njia pekee iliyothibitishwa kwa kila kiumbe. Nianze?

Jibu: "Kwa kila kiumbe" si kweli, na aliyekuambia hakusoma.

Mwanzo wake ni Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambao mwaka 1935 walionyesha kuwa panya buku walionyimwa chakula cha kutosha kukua waliishi zaidi. Tangu hapo imerudiwa kwa hamira, minyoo, nzi na panya. Lakini mwaka 2010 watafiti walijaribu kuwapunguzia chakula kwa asilimia 40 panya wa nasaba zipatazo arobaini zinazohusiana. Nasaba zilizoishi pungufu zilikuwa nyingi kuliko zilizoishi zaidi. Umesoma vizuri: pungufu.

Nyani je? Hapo tena, ikilinganishwa na nani. Makundi mawili ya Marekani yalilisha nyani aina ya resasi kidogo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kundi la Wisconsin lilisema mwaka 2009 kwamba inasaidia. La taasisi ya taifa ya uzee likasema mwaka 2012 kwamba maisha hayakurefuka. Watu wakacheka sayansi. Walipokaa pamoja, wakaeleza mwaka 2017: nyani wa kulinganishia wa Wisconsin walikuwa wakila kadiri wapendavyo, chakula chenye sukari nyingi, wakanenepa. Wale wa taasisi walikuwa wakipimiwa tangu mwanzo, na chakula chao kilikuwa bora. Kumpunguzia mlafi na kumpunguzia mwenye kiasi ni majaribio mawili tofauti.

Kama unakula kupita kiasi, punguza, na hilo hukunihitaji mimi kulijua. Kama ni mjamzito, au una kisukari na unachoma insulini, au umevuka sabini na misuli imeanza kukuaga, usianze jambo lolote la kufunga kwa siku nyingi kwa sababu ya panya wa 1935. Ongea na daktari anayekujua. Nimepokea barua ya mama mmoja aliyezimia jikoni siku ya nne. Mama, nafurahi ulipata watu wa kukuokota, na tafadhali usiniandikie kwamba siku ya tano ingekuwa rahisi.

Swali: Je, telomia zikirefushwa uzee utakwisha?

Jibu: Telomia ni zile ncha za kromosomu zinazofupika kila seli inapogawanyika. Mnyoo mkubwa hana seli za mwili zinazogawanyika, na bado anazeeka kwa wiki tatu. Hesabu mwenyewe.

Swali: Ni kweli kuna mnyama asiyezeeka hapa kwetu Afrika Mashariki, na wazungu wanamchunguza kwa siri?

Jibu: Siri gani? Makala zimejaa.

Ni fuko asiye na manyoya, mnyama wa ukubwa wa panya, mwenye meno yaliyotokeza nje ya midomo, anayeishi kwenye mashimo ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Jennifer Jarvis alieleza mwaka 1981 kwamba wanaishi kama nyuki: malkia mmoja anazaa, wengine wanachimba na kulea. Panya wa ukubwa huo anafika miaka mitatu, fuko huyu amepita thelathini akiwa kifungoni, na saratani kwake ni nadra sana. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake walipanga kumbukumbu za maelfu ya mafuko na kusema kwamba uwezekano wao wa kufa hauongezeki kadiri umri unavyopanda, tofauti na kanuni iliyoandikwa na Benjamin Gompertz mwaka 1825 kwa binadamu. Kumbuka, hiyo haina maana kwamba hafi. Anakufa, hasa kwa kung'atana. Ila mwenye miaka 20 hana hatari kubwa kuliko mwenye miaka 5. Wapo wanaosema mafuko wakongwe kabisa waliokuwa kwenye hesabu ni wachache mno kutoa hukumu, nami nipo upande wao mpaka tuwe na wengi.

Na kwa kuwa umeuliza ya kwetu, nikuongezee usilolijua. Kuna samaki wadogo wa madimbwi ya msimu: mvua ikikatika dimbwi linakauka, wazazi wanafa, mayai yanabaki kwenye tope yakingoja mvua nyingine. Samaki wa aina hiyo kutoka Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, huishi miezi michache tu, na ndiye miongoni mwa wenye uti wa mgongo wenye maisha mafupi kabisa wanaofugwa maabara. Leo anatumika sana kuchunguza uzee. Ndugu yake, Nothobranchius guentheri, asili yake ni Unguja. Wanaomjua vizuri zaidi wako nje. Anayefukia dimbwi la msimu ili ajenge hajui anafukia nini, na kwa bahati mbaya hata chuo kilicho jirani hakimwambii.

Swali: Kama jeni moja ikilegea kiumbe anaishi maradufu, mbona maumbile hayakuilegeza zamani? Na hao minyoo wa umri mrefu, wanaishi wakiwa wazima au wanagaagaa tu?

Jibu: Maswali mawili kwa stempu moja, lakini ni mazuri.

La kwanza lilijibiwa kwa nadharia kabla halijaulizwa. Mwaka 1957 George Williams aliandika kwamba jeni inayomfaa kiumbe ujanani itaenea hata ikimdhuru uzeeni, kwa sababu porini ni wachache wanaofika uzeeni kulipa deni. Minyoo walikuja kulithibitisha. Mwaka 2000 kundi la Gordon Lithgow liliwaweka pamoja minyoo wa kawaida na wenye age-1 yenye hitilafu. Kwenye shibe, hawakushindana vibaya. Walipowashindisha njaa na kuwashibisha kwa zamu, kama ilivyo udongoni, wale wa umri mrefu wakaanza kupotea kizazi hadi kizazi. Wale wa daf-2 wana hali mbaya zaidi: kwenye jaribio la 2004 walimezwa ndani ya vizazi vichache hata chakula kikiwepo, kwa kuwa wanachelewa kuzaa. Maumbile hayagawi nishani kwa aliyekufa mwisho.

Hapa Kenyon mwenyewe ana jibu la ziada linalostahili heshima. Mwaka 1999 yeye na Honor Hsin waliua kwa leza seli ambazo zingezaa mayai na mbegu, na minyoo wakaishi zaidi kwa asilimia 60 hivi. Mtu atasema: si umeona, hawakutumia nguvu kuzaa. Lakini walipoondoa kiungo chote cha uzazi, ambapo mnyoo hazai vile vile, nyongeza haikuwepo. Kwa hiyo si suala la nguvu zilizookolewa. Ni ishara zinazotumwa, moja ikivuta huku, nyingine kule. Sijui kwa nini jaribio hili halitajwi mara kwa mara. Kwangu ndilo bora kuliko la 1993.

La pili bado lina ugomvi. Mwaka 2015 maabara ya Heidi Tissenbaum ilidai kwamba minyoo wa daf-2 hutumia sehemu kubwa zaidi ya umri wao wakiwa dhaifu. Wengine wakajibu mwaka huo huo kwamba inategemea unapima nini: daf-2 ni wavivu wa kutembea tangu ujana, lakini ukipima kasi ya juu wanayoweza kufikia wakitaka, wanaidumisha kwa muda mrefu zaidi. Mvivu na mgonjwa wote wamelala, na daktari asiyejua tofauti yao atawaandikia cheti kimoja.

Swali: Mwalimu, wewe mwenyewe unatumia nini kupambana na uzee?

Jibu: Miwani.